Pingili

Ilianza kuteleza mwezi wa Machi.
Nikiinua kikombe, saa inakimbilia kiwiko;
nikishusha mkono, inarudi na kunigonga kifundo.
Kwamboka akasema, "Saa yako imekuwa bangili,"
akacheka, kisha akaacha kucheka,
akaongeza kijiko cha pili cha siagi kwenye uji wangu.

Ndirangu wa Luthuli, fundi mwenye kibanda
kisichozidi mlango wa friji,
alitaka mia tatu.
Mia tatu ni kliniki kwenda na kurudi, na ndizi mbili.
Nikaitia saa mfukoni,
nikapanda ngazi zetu za Kariobangi South
nikisimama kila orofa
kama mtu anayesoma matangazo ukutani.

Vifaa: sindano ya kushonea magunia, imevunjwa ncha.
Koleo la jirani. Kijiko.
Na patipati kuukuu ya mguu wa kushoto
niliyoichanja mfereji kwa kisu
mnyororo usimame wima ndani yake, usikwaruzike.
Onsongo, mwanangu, akashika tochi ya simu
kwa mikono miwili, kama daktari mdogo.

Ugeuze mnyororo.
Upande wa ndani kuna vishale vimechongwa,
vidogo kuliko mguu wa sisimizi,
vyote vinatazama njia moja.
Huko ndiko pini hutokea.
Ukisukuma kinyume utagonga hadi alfajiri.
Miaka kumi na mmoja nimeivaa
na vishale hivyo vimelala juu ya ngozi yangu
vikionyesha njia,
mimi nikiangalia dakika.

Pini ya kwanza ilitoka na utando mweusi:
jasho, sabuni, vumbi la ghala la Enterprise Road,
na mimi, yaani yule mimi
wa kilo sabini na nane.
Onsongo akaziba pua.
Nikausugua kwa mswaki mpaka ukaisha.

Moja huku, moja kule,
ili kibanio kikae katikati.
Nikajipima. Bado.
Moja huku, moja kule.
Bado.
Ya tano ikabidi itoke upande mmoja tu,
na tangu hapo kibanio kikaegemea kando
kama kofia ya mlevi.

Pini moja iliruka.
Tuliisikia sakafuni, ti,
kisha kimya.
Chini ya kochi tulipata shilingi ishirini,
kifuniko cha kalamu, jino la kitana.
Pini hatukuipata.
Pingili nikazitia kwenye kichupa cha dawa iliyokwisha,
Kwamboka akaandika juu yake: *Za kurudishwa.*
Hakuandika lini.

Vidonge vya alfajiri, mkojo wa rangi ya chungwa.
Nesi na daftari lake, na mizani yake
ambayo siku zote ilitaka nivue viatu.
Aprili, Mei, sikuitazama saa sana.
Ilikuwa inanitazama yenyewe.

Ikawa siku moja ya Julai, ghalani,
nikihesabu katoni,
mkono ukaniwasha. Nikaifungua:
ngazi nyekundu imejichora kwenye nyama,
pingili kwa pingili.
Nikaifunga tena vilevile.
Nilishinda nayo ikinibana hadi saa kumi na moja jioni,
sikumwambia mtu.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa:
pini huingia ikipingana na vishale.
Onsongo alikumbuka kabla yangu.
"Huku, baba," akasema,
na tochi haikutikisika.

Nne zimerudi.
Ya tano haina pini, imebaki kichupani,
na kibanio bado kinaegemea, si sana,
mpaka uambiwe.
Ndirangu ana pini, hamsini tu.
Sijaenda.
Kwamboka akipangusa rafu
hukitikisa kichupa kidogo,
akasikiliza,
akakirudisha mahali pake.